Joto, Mvuke na Barafu: Upimaji wa Mabadilishano ya Joto na Unyevu baina ya Ardhi na Angahewa katika Mteremko wa Marangu, Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna joto na unyevu vinavyobadilishana baina ya uso wa ardhi na angahewa, na namna mabadilishano hayo yanavyopimwa, kwa kutumia mfano wa mteremko wa Mlima Kilimanjaro upande wa Marangu. Hoja yetu kuu ni kwamba nishati ileile ya jua huweza kuipasha hewa joto, kulikausha shamba, kuiyeyusha barafu au kuigeuza barafu hiyo kuwa mvuke moja kwa moja, na kwamba matokeo ya kila njia yanatofautiana sana. Kiswahili cha kila siku huzifunika tofauti hizo chini ya vitenzi viwili, yaani kukauka na kuyeyuka. Inaonyeshwa hapa kwamba mijadala ya umma kuhusu maji na barafu ya Kilimanjaro hupotoka mara nyingi kwa sababu ya kutozitenganisha njia hizo, na kwamba lugha yetu inayo nyenzo za kutosha za kuzitenganisha.

1.0 Utangulizi

Mtu anayesimama Marangu Mtoni asubuhi ya kiangazi, kabla mawingu hayajapanda, huweza kuona kwa mtazamo mmoja mambo matatu. Chini yake kuna tambarare ya Himo iliyokauka na kugeuka rangi ya udongo. Mbele yake kuna vihamba vya migomba na kahawa na, juu yake, msitu mweusi. Juu kabisa ni Kibo pamoja na kile kilichosalia cha barafu yake. Akiulizwa aeleze kinachotokea mahali hapo patatu, huenda akajibu kwamba bondeni pamekauka, kihambani pana ubaridi, na kileleni barafu inayeyuka kwa sababu ya joto. Majibu hayo yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalotueleza joto limetoka wapi, limefanya kazi gani, na maji yamekwenda wapi.

Maswali hayo ndiyo yanayoshughulikiwa na tawi la sayansi linalochunguza mabadilishano baina ya ardhi na angahewa. Tawi hilo lina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, ingawa halijaandikwa sana kwa Kiswahili. Katika makala haya tunadhamiria kueleza kanuni yake ya msingi (sehemu ya 2.0), mbinu za upimaji (3.0), na mambo ambayo upimaji umeyabainisha kuhusu mashamba na misitu (4.0) na kuhusu barafu ya Kibo (5.0). Sehemu ya 6.0 inarejea kwenye suala la lugha, ambalo kwa maoni yetu si pambo la mjadala huu bali ni sehemu ya kiini chake.

2.0 Kanuni ya msingi: urari wa nishati

Chanzo cha nishati yote tunayoizungumzia ni jua. Sehemu ya mnururisho wa jua unaofika ardhini huakisiwa na kurudi juu, na sehemu nyingine hufyonzwa. Ardhi nayo, kwa kuwa ina joto, hutoa mnururisho wake usioonekana kwa macho, na hupokea mnururisho wa aina hiyohiyo kutoka kwa mawingu na hewa. Ukichukua jumla ya yote yanayoingia na kutoa jumla ya yote yanayotoka, hupata kile tutakachokiita hapa mnururisho baki.

Mnururisho baki hauwezi kupotea. Hauna budi kutumika, na njia kuu za matumizi ni tatu:

(i) Kuipasha joto hewa iliyo juu ya ardhi. Hili ni joto hisi, yaani lile ambalo mwili hulihisi na kipimajoto hulisoma.
(ii) Kugeuza maji kuwa mvuke, yawe maji ya udongoni, ya majani au ya mtoni. Hili ni joto fiche, kwa kuwa halionekani kwenye kipimajoto. Limefichwa ndani ya mvuke na hutolewa tena pale mvuke unapoganda kuwa matone ya wingu.
(iii) Kuupasha joto udongo wenyewe kwenda chini. Hili ni joto la ardhini.

Kwa hiyo tunaweza kuandika:

Mnururisho baki = joto hisi + joto fiche + joto la ardhini

Mlinganyo huu ndio urari wa nishati. Umuhimu wake ni kwamba unaunganisha hesabu mbili ambazo kwa kawaida huwekwa mbalimbali, hesabu ya joto na hesabu ya maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke katika halijoto ya kawaida huhitaji takriban megajuli 2.45. Hivyo, anayejua kiasi cha joto fiche amekwisha kujua kiasi cha maji yaliyoondoka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa, wakati wa adhuhuri, wati 245 kwa kila mita mraba ya kihamba zinatumika kama joto fiche, basi katika saa moja kila mita mraba hupoteza gramu 360 za maji, ambazo ni sawa na kina cha milimita 0.36. Katika hekta moja kiasi hicho ni lita 3,600 kwa saa. Maji hayo hayaonekani yakiondoka. Hakuna mto wala mfereji unaoyabeba, lakini yameondoka.

Wazee wetu waliijua kanuni hii kwa vitendo. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu baadhi yake hupenya vinyweleo vya udongo, hufika nje, na huko hugeuka mvuke kwa kulitumia joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa nje haupozi maji ingawa umekaa kivulini palepale. Ubaridi wa kihamba ni ubaridi wa mtungi. Hewa chini ya migomba, miringaringa na miruka huwa baridi kuliko ya uwanja mtupu, kwanza kwa sababu ya kivuli, na pili kwa sababu sehemu kubwa ya nishati imekwenda kwenye joto fiche. Tambarare kavu ya Himo haina maji ya kutumia. Kwa hiyo nishati yake kubwa huenda kwenye joto hisi na kwenye udongo. Hivyo basi, tofauti ya halijoto baina ya Himo na Marangu haitokani na mwinuko peke yake.

3.0 Mbinu za upimaji

3.1 Beseni na hesabu

Mbinu kongwe zaidi ni kuweka beseni la maji uwanjani na kupima kila siku kina kilichopungua. Beseni linalotumiwa zaidi katika vituo vya hali ya hewa lina kipenyo cha takriban sentimita 121 na kina cha sentimita 25. Ni chombo rahisi, lakini kinapima uwezo wa hewa kunyonya maji yaliyo wazi. Hakitwambii mgomba au mti umetoa kiasi gani, maana mmea huweza kufunga vinyweleo vya majani yake ilhali beseni haliwezi.

Mnamo mwaka 1948, H. L. Penman wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alitoa mlinganyo uliounganisha mnururisho, upepo, halijoto na unyevuanga ili kukadiria uvukizaji. Mlinganyo huo ulipata makazi mema katika Afrika ya Mashariki. Katika Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki, lililokuwa Muguga karibu na Nairobi, J. S. G. McCulloch alichapisha mwaka 1965 majedwali ya kurahisisha hesabu ya Penman, wakati ambapo hesabu hizo zilifanywa kwa mkono. Wahaidrolojia wa eneo letu waliyatumia majedwali hayo kwa miaka mingi.

3.2 Uwiano wa Bowen

Mwanafizikia wa Marekani, Ira S. Bowen, alieleza mwaka 1926 kwamba uwiano baina ya joto hisi na joto fiche unaweza kupatikana bila kupima moja kwa moja lolote kati ya hayo mawili. Kinachohitajika ni tofauti ya halijoto na tofauti ya mvuke baina ya vimo viwili juu ya uso uleule. Vipimajoto viwili vikiwekwa katika kila kimo, kimoja kikavu na kingine kikiwa na utambi uliolowa maji, tofauti hizo hupatikana. Mahali penye unyevu mwingi uwiano wa Bowen huwa chini ya 1. Mahali pakavu huweza kuzidi 1 mara kadhaa.

Katika mlima mrefu mbinu hii ina jambo la kuzingatiwa. Hesabu ya Bowen hutumia kizio kinachotegemea kanieneo ya hewa. Karibu na kilele cha Kibo, chenye kimo cha mita 5,895, kanieneo ni takriban nusu ya ile ya pwani, na kizio hicho nacho hupungua kwa takriban nusu. Maana yake ni kwamba, kwa tofauti zilezile za halijoto na mvuke, sehemu ya nishati inayokwenda kwenye joto fiche ni kubwa zaidi kileleni kuliko Tanga au Dar es Salaam. Mtafiti atakayepanda mlima na majedwali ya pwani atapata jibu lenye kosa kubwa, hata kama kila kipimajoto chake ni sahihi.

3.3 Mizunguko ya hewa

Hewa juu ya ardhi haipandi kama moshi wa uvumba ndani ya chumba kilichofungwa. Husukumwa na mizunguko mikubwa na midogo, mingine ikipanda na mingine ikishuka. Mzunguko unaopanda ukiwa na joto na mvuke zaidi kuliko unaoshuka, basi joto na mvuke vimesafirishwa kwenda juu. W. C. Swinbank alieleza nchini Australia mwaka 1951 namna ya kuupima usafirishaji huo moja kwa moja. Leo kipimaupepo kinachotumia mawimbi ya sauti husoma mwendo wa hewa wa wima mara kumi au ishirini kwa kila nukta, sambamba na chombo kinachosoma kiasi cha mvuke. Wastani wa zao la mabadiliko hayo mawili ndio kiasi cha usafirishaji.

Mbinu hii huhesabiwa kuwa ya moja kwa moja kuliko nyinginezo, lakini ina udhaifu wake. Ilibuniwa kwa nchi tambarare. Kwenye mteremko, hewa baridi hutiririka usiku kwenda bondeni bila kupita kwenye chombo, na mchana upepo hupanda mlima ukibeba unyevu wa mahali pengine. Zaidi ya hayo, urari wenyewe haufungi barabara. Uchunguzi wa K. Wilson na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu vituo 22 vya mtandao wa kimataifa wa vipimo hivi, ulionyesha kwamba jumla ya joto hisi na joto fiche ilipungukiwa kwa wastani wa takriban asilimia 20 ikilinganishwa na nishati iliyokuwapo. Hesabu inayokosa moja ya tano si ya kutupwa, ila aisomaye sharti ajue hivyo.

3.4 Mwale unaotetema

Msafiri wa barabara ya kutoka Himo kwenda Moshi wakati wa jua kali huona mazigazi, yaani lami inang'ara kama maji na hewa juu yake inatetema. Kutetema huko hutokana na mafungu ya hewa yenye halijoto tofauti yanayopishana na kupinda mwanga. Kuna kipimo kinachotumia jambo hilohilo. Mwale wa leza hurushwa kutoka nguzo moja hadi nyingine, na kadiri unavyotetema ndivyo joto hisi linavyokadiriwa kuwa kubwa. Joto fiche hupatikana kwa kutoa, yaani kwa kuondoa joto hisi na joto la ardhini kutoka kwenye mnururisho baki.

Kipimo hicho kilitumiwa kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro katika miaka ya 2010, katika mradi mkubwa wa watafiti wa Kijerumani na wa Kitanzania uliochunguza mifumo ya ikolojia tangu savana ya chini hadi uoto wa juu kabisa. Florian Detsch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marburg walikihamisha kutoka uoto mmoja hadi mwingine, wakipima kila mahali kwa siku chache. Faida ya njia hiyo ni kwamba inalinganisha mahali pengi kwa chombo kimoja. Upungufu wake ni kwamba siku chache hazisemi habari za mwaka mzima, hasa katika nchi yenye masika, vuli na viangazi viwili.

4.0 Shamba na msitu: nani anatumia maji?

Katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro mvua huongezeka kadiri mtu anavyopanda, kisha hupungua. Mjini Moshi ni chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ndani ya msitu, karibu na mita 2,200, huzidi milimita 2,000. Kutoka hapo, kupitia Mandara na Horombo, hupungua tena, hata jangwa la juu linalozunguka Kibo likawa miongoni mwa sehemu kavu za mlima.

Ni imani iliyoenea kwamba msitu huleta maji na kwamba kukata msitu hukausha mito. Upimaji unatutaka tuiseme imani hiyo kwa uangalifu zaidi. Katika miaka ya 1950 na 1960 H. C. Pereira na wenzake wa Muguga walianzisha majaribio ya mabonde ya maji katika Afrika ya Mashariki: Kericho, ambako msitu uligeuzwa shamba la chai, Kimakia, ambako mianzi ilibadilishwa kwa misonobari, na Mbeya, ambako mabonde mawili jirani yalilinganishwa, moja likiwa na msitu wa asili na la pili likilimwa na wakulima wadogo. Huko Mbeya bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni kuliko lile la msitu. Sababu ni ile tuliyoieleza katika sehemu ya 2.0. Msitu una mizizi mirefu na majani mengi. Hata wakati wa kiangazi huendelea kuvuta maji na kuyageuza mvuke, ilhali shamba lililovunwa limenyamaza.

Je, tuhitimishe kwamba msitu ni mnyonyaji? La. Udongo wa Mbeya ulitokana na majivu ya volkano na ulinywa mvua upesi hata baada ya kulimwa. Mahali penye udongo wa namna nyingine, shamba lililo wazi huweza kupoteza maji kwa mafuriko na mmomonyoko, na mto ukakauka wakati unapohitajika zaidi. Aidha, msitu wa juu wa Kilimanjaro una kazi ambayo haimo katika jaribio la Mbeya. Huko ukungu hupita mitini, nayo majani, kuvumwani na ndevu za miti hukamata matone ambayo yasingeanguka kama mvua. Hapo mti unaingiza maji katika hesabu badala ya kuyatoa. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, alitoa hoja mwaka 2005 kwamba moto ulioteketeza misitu ya juu na kuacha vichaka umeiathiri hali ya maji ya mlima kuliko kupungua kwa barafu.

Hoja hiyo tunaweza kuijaribu kwa hesabu nyepesi. Mwaka 2011 barafu yote ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilometa mraba 1.76. Tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba yote ilipoteza kina cha mita moja ya maji kwa mwaka na kwamba hakuna tone lililogeuka mvuke. Jumla ingekuwa meta za ujazo milioni 1.76. Kilometa mraba moja tu ya msitu inayopata mvua ya milimita 2,000 hupokea meta za ujazo milioni 2, na msitu wa Kilimanjaro una mamia ya kilometa mraba. Kwa hiyo mkulima wa Marangu anayechepusha maji kwa mfongo hadi kwenye kihamba chake anategemea zaidi msitu ulio karibu naye kuliko barafu anayoiona kwa mbali.

5.0 Barafu ya Kibo: kuyeyuka au kugeuka mvuke?

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 baada ya safari iliyoanzia Marangu, walikuta barafu hadi kwenye ukingo wa kreta. Kutokana na ramani ya mwaka 1912, eneo la barafu limekadiriwa kuwa kilometa mraba 11.40. Kufikia mwaka 2011, kama ilivyoonyeshwa na Nicolas Cullen na wenzake, asilimia 85 hivi ilikuwa imetoweka, na upungufu umeendelea. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikisia kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Muda huo umepita na mabaki bado yapo, ingawa yanapungua mwaka hadi mwaka.

Kwa nini inapungua? Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo. Chombo kinachotuma mlio na kusikiliza mwangwi kilipima kila mara umbali hadi kwenye uso wa barafu. Vyombo vingine vilipima mnururisho, upepo, halijoto na unyevuanga. Vipimo hivyo vilitumiwa na Thomas Mölg, Georg Kaser na wenzao wa Innsbruck kukokotoa urari wa nishati wa barafu yenyewe.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Halijoto ya hewa huko juu hubaki chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote. Kinacholeta nishati kubwa ni mnururisho wa jua, na kinachoamua kiasi kinachofyonzwa ni weupe wa uso. Theluji mpya huakisi sehemu kubwa ya jua, ilhali barafu kuukuu iliyochafuka hufyonza zaidi. Basi theluji inapopungua kunyesha, barafu hukosa mavazi yake meupe. Nishati iliyofyonzwa nayo haiiyeyushi yote. Kwa kuwa hewa ni kavu na nyepesi, sehemu kubwa ya nishati huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia umajimaji.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji takriban megajuli 0.334. Kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke huhitaji takriban megajuli 2.83, yaani mara nane na nusu zaidi. Kwa hiyo megajuli moja ya jua huweza kuyeyusha takriban kilo 3 za barafu, au kugeuza gramu 350 tu kuwa mvuke. Ukavu wa hewa una kazi mbili zinazopingana. Unapunguza mawingu na theluji, na hapo unaidhuru barafu. Lakini pia unaielekeza nishati kwenye njia ya gharama kubwa, na hapo unaichelewesha kuisha. Siku unyevu ukiongezeka bila kuleta theluji, jua lilelile litaweza kuiondoa barafu kwa kasi zaidi. Mambo hayo hayawezi kusemwa kwa kitenzi kuyeyuka peke yake.

Pana hatari ya kuyasoma matokeo haya visivyo. Wako waliodai kwamba, kwa kuwa barafu ya Kibo haiyeyushwi hasa na hewa yenye joto, mabadiliko ya tabianchi hayahusiki. Hitimisho hilo halifuati. Mvua na theluji za Afrika ya Mashariki hutegemea Bahari ya Hindi, na bahari hiyo hubadilika pamoja na tabianchi ya dunia. Upimaji umetuonyesha njia ambayo badiliko limepitia, haukusema kwamba hapakuwa na badiliko.

6.0 Suala la istilahi

Tukirudi sasa kwa yule mtu wa Marangu Mtoni, tutaona kwamba kosa si lake. Kitenzi kukauka hueleza hali ya kitu kinachobaki: nguo imekauka, kahawa imekauka kichanjani, mto umekauka. Hakisemi maji yamekwenda wapi. Yawe yamepanda hewani, yamezama ardhini, au yamechepushwa kwenye mfongo wa jirani, kitenzi ni kilekile. Kuyeyuka nacho hubeba maana ya kuwa majimaji na pia, kwa upanuzi, maana ya kutoweka. Ndiyo maana sentensi “barafu ya Kilimanjaro inayeyuka” humridhisha msemaji, kwa kuwa barafu kweli inatoweka, na humpotosha msikilizaji, kwa kuwa anafikiri maji yake yanateremka kwake.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa ya kuipatia lugha msamiati wa sayansi za msingi. Hata hivyo, orodha ya istilahi haitoshi endapo maneno hayafanyi kazi katika matini zinazoendelea. Katika makala haya tumetumia mnururisho baki, joto hisi, joto fiche na urari wa nishati, na kila moja limefafanuliwa kwa kazi yake kabla ya kutumika. Kwa badiliko la barafu kuwa mvuke tunaona kuna njia mbili: kutohoa na kusema kusablimika, au kutumia maelezo kama tulivyofanya hapa. Kwa wanafunzi wa sayansi utohozi unafaa. Kwa wasomaji wengine tunapendekeza maelezo, kwa sababu yanataja mahali barafu ilikokwenda, nalo ndilo jambo lililokuwa limefichika.

Ni vema pia kutenganisha theluji na barafu, maneno ambayo mara nyingi hubadilishana nafasi katika magazeti. Theluji ndiyo inayoanguka na kuufanya uso uwe mweupe. Barafu ndiyo iliyolala kwa miaka mingi chini yake. Kama tulivyoona, ya kwanza ndiyo inayoikinga ya pili, na mwandishi anayeyachanganya maneno hayo amelichanganya pia lindo na kinacholindwa.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba upimaji wa mabadilishano ya joto na unyevu ni namna ya kuuliza swali moja kila mahali: nishati iliyopokelewa imefanya kazi gani? Tambarareni imeipasha hewa; kihambani na msituni imeyapandisha maji; kileleni imeiondoa barafu kwa njia mbili zenye gharama tofauti. Kila mbinu ya upimaji ina mipaka yake, na mlima huizidisha mipaka hiyo. Hata hivyo, mbinu hizo zimetosha kutuonyesha kwamba kuzuia moto katika msitu wa juu ni jambo la maji ya kesho ya Marangu, ilhali kuitazama barafu peke yake ni kutazama mahali pasipo na maji mengi. Wanaoshughulikia Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hiyo. Mkulima, mwalimu na diwani watajadili mlima huu kwa Kiswahili, na mjadala wao hautakuwa sahihi kuliko maneno watakayokuwa nayo.